Kioo Kilichochunga Mtaro

Walikuwa hawajatimiza robo saa katika nchi ya watu, wino wa mihuri kwenye pasipoti haujakauka vizuri, Mwalimu aliposimama kando ya barabara na kumwambia mkewe ashuke kwenye baiskeli. Akafungua begi lake, akachomoa kibao cheupe chenye herufi L nyekundu, kile wanachofungiwa wanafunzi wa udereva, akaanza kukifunga kwa kamba nyuma ya mzigo wa mkewe.

"Hicho nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Kibao."

"Naona ni kibao. Kinatafuta nini kwenye baiskeli yangu?"

"Huku gari zinapita upande wa kulia, si kushoto kama kwetu. Anayekuja nyuma yako lazima ajue ana mtu wa namna gani mbele yake."

Mama Pacha alihesabu hadi kumi, akaona haitoshi, akaenda hadi ishirini. Kwa miaka miwili alikuwa akiamka alfajiri mara tano kwa wiki, anapiga kilometa thelathini kabla ya kufungua duka lake la mapazia. Mwalimu alikuwa na miezi sita tu juu ya baiskeli, na kilima kikizidi kidogo alishuka akasukuma. Isitoshe, ni huyuhuyu Mwalimu ambaye, dakika kumi tu zilizopita, baada ya basi moja kuwapita, alihama ghafla kutoka upande wa kulia, akakata barabara yote na kuendesha kushoto kana kwamba anarudi kwao, mpaka lori likasimama uso kwa uso naye likimpigia honi. Sasa anayefungiwa kibao ni nani? Yeye, Mama Pacha.

"Kaza vizuri," alisema. "Kisije kikakuangukia."

Kejeli ilimpita Mwalimu kama upepo. Akakaza.

Tuseme ukweli, mtu huyu hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka ishirini na saba alifundisha udereva, na nusu ya mji wao ilishika usukani kwa mara ya kwanza akiwa kando yao. Muuza dawa, mpima ardhi, hata askari wa usalama barabarani, wote waliimbishwa wimbo wake: kioo, ishara, bega, twende. Tazama kioo, toa ishara, geuza shingo uangalie juu ya bega, ndipo uende. Alikaa kiti cha abiria katika gari la mafunzo, lile lenye breki ya pili chini ya miguu ya mwalimu, na mguu wake wa kulia haukuwahi kutoka kazini. Hata sebuleni, gari likionekana kwenye televisheni likienda mbio, mguu ulikanyaga zulia. Pacha wao walikua wakimcheka kwa hilo, na Mama Pacha akicheka nao. Yeye mwenyewe hakuwahi kujua kuendesha gari. Mumewe alijaribu kumfundisha mara moja, na somo lilidumu mita mia mbili. Mama Pacha alishuka, akafunga mlango polepole sana, akarudi nyumbani kwa miguu.

Safari hii ilikuwa yake. Ramani ilikaa ukutani juu ya cherehani kwa miaka kumi na moja: kutoka mpakani, kukatiza nchi nzima ya jirani, mpaka ziwa kubwa la upande wa pili. Kilometa elfu moja na mia mbili, siku ishirini na mbili. Aliiahirisha mara ya kwanza kwa mitihani ya pacha, mara ya pili kwa ugonjwa wa mama mkwe, mara ya tatu kwa sababu hospitali moja ilitaka mapazia ya wodi zote kwa mpigo. Alishona mwenyewe mifuko ya kufunga kwenye baiskeli, turubai nje na kitambaa cha pazia ndani. Kisha, miezi minane kabla ya kuondoka, Mwalimu alirudi nyumbani na funguo za gari la mafunzo mfukoni, akasema, "Nimechoka na wanafunzi. Nimeacha." Baada ya wiki chache akauliza kama kuna nafasi ya mtu wa pili kwenye ile ramani. Mama Pacha alifurahi. Alifurahi kweli, jambo ambalo sasa lilimshangaza kila alipolikumbuka.

Siku ya kwanza hiyo iliishia kwenye mvua na pancha mbili, zote za Mwalimu. Hayo Mama Pacha aliyategemea. Asichokitegemea ni sauti. Ilikuwa nyuma yake tangu asubuhi hadi jioni, bila likizo: "Kioo! Ishara! Bega!" Kwenye barabara tupu, mashamba kushoto na mashamba kulia, hakuna hata kuku anayevuka, Mwalimu alinyoosha mkono mzima kuonyesha kwamba anakata kona, na akamtaka mkewe naye anyooshe.

"Namwonyesha nani?" Mama Pacha aliuliza.

"Huonyeshi mtu. Unajenga tabia."

Na kile kioo! Alinunua kioo kimoja cha kufunga kwenye usukani, akakifunga mkono wa kulia, kama kwao. Kwao kina maana, maana kwao gari zinakupita kulia. Huku kiliona nyasi na mtaro tu. Walipopumzika chini ya paa la duka lililofungwa, Mama Pacha alitoa kispana.

"Lete nikihamishe kushoto. Huko unachunga mtaro."

"Kiache."

"Baba Pacha, gari zote zinapita kushoto kwako. Kioo kulia cha nini?"

"Kiko mahali pake," alisema Mwalimu, na akaondoa mkono wa mkewe kwenye usukani. Hakumsukuma, ila aliuondoa. Mama Pacha alirudisha kispana mfukoni, akajisemea moyoni kwamba ubishi huu mtu anazaliwa nao, haufundishwi.

Siku ya pili aliambulia amri mpya. Barabara ilikuwa imepanuka, malori yameongezeka, na Mwalimu akasema sasa hawataendesha wakifuatana.

"Wewe kaa kushoto kwangu. Nyuma kidogo. Kila kinachokuja uniambie: gari, lori, pikipiki. Kwa sauti."

"Wewe huna masikio?"

"Nataka kujua ukubwa wake."

"Ili iweje?"

"Mama Pacha, mimi nimefundisha miaka ishirini na saba."

Sentensi hiyo ilikuwa ufunguo wake wa kila kufuli. Mama Pacha alikubali shingo upande, na tangu saa mbili hadi saa sita mchana alikuwa utingo wa baiskeli. "Gari. Gari. Lori. Pikipiki mbili. Lori." Walipita daraja refu la mawe ambalo kwenye ramani alilizungushia kalamu nyekundu kwa miaka kumi na moja, na aliliona kwa jicho moja tu, kwa sababu nyuma palikuwa na lori la mchanga na alipaswa kulitangaza. Daraja lilipoisha, hasira zilimpanda. Alikanyaga pedali, akampita mumewe, akaenda zake mbele.

"Rudi kushoto!" Mwalimu alipiga kelele. "Mama Pacha! Rudi huku!"

Hakurudi. Nyuma yake alisikia breki, kisha honi, kisha breki tena. Alipogeuka, mumewe alikuwa amesimama kwenye majani, baiskeli katikati ya miguu, anahema kama aliyekimbizwa. Mama Pacha aliona hiyo ni deko tu. Akamsubiri kwenye kilima, mikono kiunoni.

Jioni hiyo walilala kwenye nyumba ya wageni ya bibi mmoja mnene ambaye hawakuelewana naye neno hata moja. Alizungumza nao kwa mikono: hapa kuoga, hapa kulala, hapa baiskeli. Mwalimu aliingia bafuni na kukaa muda mrefu, kama alivyokaa kila jioni na kila asubuhi. Mama Pacha alipoingia baada yake, alikuta kichupa kidogo cha dawa ya matone kando ya sinki.

"Hii ya nini?"

"Ya vumbi," alisema Mwalimu, akakitia mfukoni haraka. "Barabara ina vumbi."

"Imenyesha siku mbili."

Mama Pacha alikaa kitandani. Mwili ulimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni lile daraja. Alisema alichokuwa akikitafuna tangu mchana, na alikisema polepole, kama alivyoufunga mlango wa gari la mafunzo siku ile.

"Baba Pacha, keshokutwa tunafika njia panda, pale penye stesheni ya treni. Ukifika pale bado unanifundisha, unapanda treni na baiskeli yako unarudi nyumbani. Mimi naendelea peke yangu mpaka ziwani."

"Peke yako huwezi."

"Ningeweza tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekukaribisha."

Mwalimu aliminya sehemu ya juu ya pua, baina ya macho, tabia iliyomwingia siku hizi. "Sawa," alisema hatimaye. "Sitasema kitu."

Na kweli, siku ya tatu hakusema kitu. Mama Pacha aliendesha mbele na mara ya kwanza tangu mpakani alisikia ndege, alisikia mnyororo wake mwenyewe, alisikia upepo ukipiga mifuko aliyoishona. Alijiona amepata nchi. Alipogeuka mara moja moja alimwona mumewe nyuma kabisa, ameng'ang'ania ukingo wa barabara, gurudumu karibu liingie mtaroni, kichwa amekigeuza kushoto kama kuku anayesikiliza. Alidhani amenuna. Akamwacha anune.

Saa nane walifika mji mdogo wenye mzunguko katikati, ile duara ambayo gari zinaizunguka ndipo zichague njia. Nchi hizi za kulia, gari kwenye mzunguko zinakujia kutoka kushoto. Mama Pacha alisimama, akaangalia kushoto, akaona njia nyeupe, akavuka. Akasimama ng'ambo na kugeuka kumsubiri mumewe.

Gari la mkate lilikuwa jekundu. Lilikuwa kubwa, na lilikuwa linapiga honi. Mtu aliyelala angeliona. Mwalimu alikuja polepole, akakunja uso kuangalia mbele, akanyoosha mkono kutoa ishara yake nzuri ya kitabuni, na akaingia moja kwa moja mbele ya gari lile.

Tairi zililia. Gari lilisimama likiwa limegusa mfuko wa nyuma tu, lakini ilitosha. Baiskeli ilizunguka, mfuko ukachanika, nguo zikamwagika barabarani, Mwalimu akaenda chini na goti.

Dereva aliruka nje akifoka kwa lugha yake, mikono juu, na hakukuwa na haja ya mkalimani. Kisha akamwona mzee mwenye nywele za mvi amekaa chini akishika goti, sauti ikamshuka. Akamsaidia kuinuka, akaiokota baiskeli, akaileta mpaka kando. Akamwonyesha Mama Pacha macho yake mwenyewe kwa vidole viwili, kisha akamwonyesha Mwalimu. *Macho, mama.* Akapanda gari lake akaondoka.

Mama Pacha alimshika mumewe bega kwa nguvu. "Hukuliona?"

"Lilikuwa kasi."

"Lilikuwa jekundu! Lina honi! Umefundisha watu miaka ishirini na saba, hukuliona?"

"Sikuliona," alisema Mwalimu, kwa sauti ndogo, akaanza kuokota soksi zake.

Walipata chumba hatua chache kutoka pale. Mama Pacha aliosha goti, akalifunga kitambaa, kisha akachukua mfuko uliochanika na sindano nene ya turubai, akakaa kwenye kiti karibu na kitanda. Mwalimu alikaa ukingoni mwa kitanda, mkewe yuko kushoto kwake. Mama Pacha alishona, na mikono ikishona, kichwa nacho kikashona: kioo mahali pake, matone ya vumbi siku ya mvua, kaa kushoto kwangu uniambie.

Alichukua kibiringo cha uzi kwenye sanduku lake.

"Shika," alisema, akamrushia taratibu, kama alivyomrushia vitu miaka yote.

Kibiringo kilimpiga shavuni. Mwalimu aliruka kama aliyemwagiwa maji baridi.

Mama Pacha aliinuka, akazunguka kitanda, akasimama kulia kwake na kibiringo kingine. "Shika." Mkono wa Mwalimu ulikidaka hewani bila taabu. Akarudi kushoto. Hakurusha kitu. Alisogeza mkono wake karibu na sikio la mumewe, akaupeleka mbele kidogo, mbele kidogo, akipunga vidole. Ulipofika karibu na pua ndipo Mwalimu alipogutuka.

"Tangu lini?" alimuuliza.

Mwalimu alikaa akikigeuzageuza kibiringo. "Ilianza mwaka juzi. Presha ya macho. La kushoto sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. La kulia zima, daktari anasema litabaki zima nikitia dawa."

"Na kazi?"

"Nilipokwenda kuongeza muda wa leseni ya ualimu walinipima. Hawakuniongezea."

"Wewe uliniambia umechoka na wanafunzi."

"Sikuwahi kuchoka nao," alisema Mwalimu. "Hata siku moja."

Hapo Mama Pacha angemwonea huruma, kama hasira zisingekuwa zimeshawahi kiti. "Miezi minane! Miezi minane tunalala kitanda kimoja, na mimi ulitaka nijue lini? Nikishakukusanya chini ya lori?"

"Ningekuambia ungeahirisha."

"Ningeahirisha, ndiyo! Mtu mwenye akili zake angeahirisha!"

"Basi ndiyo hivyo. Mara ya nne."

Mama Pacha aliokota kibiringo kilichoanguka, akakitupa sandukuni.

"Nyumbani nilikuwa sawa," Mwalimu aliendelea. "Gari zinanipita kulia, jicho la kulia linaona. Miezi sita tumeendesha wote, uliwahi kuniona nakosea? Nilijua nitakusindikiza na hutajua. Tulipovuka mpaka, lile basi la kwanza liliponipita, sikuliona mpaka lilipokuwa mbele yangu. Lilitokea tu, kama limeanguka kutoka juu. Ndipo nilipohamia kule kushoto. Angalau kule zinakuja upande ninaoona."

"Sasa wewe, wiki tatu kabla ya kuondoka ulinipangia vibiriti mezani kunifundisha barabara za huku! Hiki gari, hiki lori, hii barabara. Kila gari umenionyesha litakakopita. Hukuona kwamba yote yatakuwa upande wa jicho bovu?"

Mwalimu alitazama goti lake. "Pale mezani palikuwa na kijiko kimoja tu, Mama Pacha. Kijiko kilichokuwa wewe. Mimi mwenyewe sikujiweka."

Jirani wa chumba alikuwa akikohoa. Mama Pacha alirudi kwenye kiti chake, akashona mfuko mpaka ukaisha, na alipofika mwisho alikata uzi kwa meno ingawa mkasi ulikuwa palepale.

Siku ya nne walifika njia panda kabla ya saa nne. Walikuja kwa njia ya mashambani, Mama Pacha kushoto, akitangaza kila kitu kwa sauti kavu bila kumtazama. Stesheni ilikuwa jengo la matofali lenye saa kubwa isiyokwenda na benchi mbili za mbao. Mwalimu hakusubiri kuambiwa. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaenda kusimama mbele ya ratiba ya treni, akaisoma ameinamisha kichwa kwa upande.

"Iko ya saa sita," alisema aliporudi. "Inabeba na baiskeli."

"Nani amekuambia uende?"

"Wewe. Ulisema nikifika hapa."

"Nilisema ukiwa bado unanifundisha."

"Basi nisipokufundisha ninakufa, na nikikufundisha unanifukuza." Alijaribu kutabasamu. "Nenda, Mama Pacha. Miguu unayo, macho unayo. Ziwa lilikuwa lako tangu mwanzo. Ukifika unipigie simu, unieleze lilivyo."

Alisema kwa moyo safi, na hilo ndilo lililomtia Mama Pacha wazimu. Kama angelalamika, angempakia kwenye treni na baiskeli yake na kibao chake. Alikaa kwenye benchi, akajiruhusu kuwaza lisilofaa kuwaza: kwamba alitaka sana kwenda peke yake. Alitaka zile siku kumi na nane zilizobaki, ndege na mnyororo na upepo, bila kutangaza lori hata moja. Alilitaka hilo kwa miaka kumi na moja na hakuona aibu kulitaka. Akimrudisha huyu, atafika ziwani, ataliangalia, na kwenye simu atamwelezea mtu aliyekaa sebuleni akitia matone. Akimchukua, atakuwa utingo mpaka maji yaonekane. Hakuna njia ya tatu. Alizitafuta zote, maana alikuwa mtu wa kupima kitambaa mara mbili kabla ya kukata.

Kisha alikumbuka lile daraja la mawe. Alikuwa ameliona kwa jicho moja, akalalamika siku nzima. Mwalimu alikuwa akiona kila kitu hivyo tangu mwaka juzi, na kelele zote alizopiga zilikuwa za kutaka mkewe asikose kuona kitu.

"Mjinga wee," alisema kwa sauti.

"Nani?"

"Vua kizibao."

"Nini?"

"Hicho kizibao chako cha kung'aa. Vua."

Mwalimu alivua. Mama Pacha alikwenda kwenye baiskeli yake, akafungua zile kamba, akakitoa kile kibao cheupe chenye L nyekundu. Kilikuwa cha plastiki laini, sindano ya turubai ilikipenya vizuri. Alikaa kwenye benchi ya stesheni, abiria wanapita na mizigo yao, akakishona katikati ya mgongo wa kizibao cha mumewe, pande zote nne, mshono wa kurudia, ule wa mapazia ya hospitali yanayofuliwa kila wiki.

"Mama Pacha, watu wataniona."

"Ndiyo kazi yake, wakuone."

Alichukua kispana. Safari hii Mwalimu hakuuzuia mkono wake. Kioo kilitoka mkono wa kulia wa baiskeli ya Mwalimu, kikaenda mkono wa kushoto wa baiskeli ya Mama Pacha. Akakirekebisha mpaka kikaonyesha barabara yote nyuma.

"Sikiliza. Nakaa kushoto kwako, nyuma kidogo. Nikisema simama unasimama, huniulizi kwa nini. Nikisema twende, ndipo unakwenda. Barabara kubwa tunaiacha, tunapita za mashambani, hata zikiongeza siku tatu. Na ukinifundisha kitu, kitu chochote, hata jinsi ya kushika kikombe, nakutafutia treni popote tutakapokuwa."

"Lakini huko kushoto malori yatakuwa yanakupitia wewe."

"Yanipitie. Mimi nayaona."

Mwalimu alivaa kizibao. Akaminya pua, na safari hii hakuwa anaminya kwa sababu ya jicho. Treni ya saa sita ilipoingia, walikuwa wameshatoka langoni.

Mita mia tatu kutoka stesheni palikuwa na mzunguko. Mama Pacha alitazama kioo. Akatazama juu ya bega. Kutoka kushoto, lori la mbao lilikuwa linakuja, bado liko mbali, lakini kwa kasi. Mbele yake ile L nyekundu ilikuwa inasogea polepole kuelekea kwenye duara, mgongo umenyooka, na kichwa kinaangalia mbele tu, kama alivyoambiwa.

"Simama!"

Alisimama papo hapo. Hakugeuza shingo wala hakuuliza. Alisimama kama gari lenye breki mbili, mguu chini, na lori likawapita likiwamwagia vumbi la mbao.

"Twende?" Mwalimu aliuliza, bado akitazama mbele.

Mama Pacha alikuwa anatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga pedali mpaka mwisho, umekaza mpaka kiatu kimepinda, unatafuta breki ya mguu ambayo kwenye baiskeli haipo.

"Subiri kwanza," alisema kwa ukali, akauinua mguu ule kabla Mwalimu hajageuka akauona.